Tunataka Mkunga Muislamu, Lakini Asiwe Binti Yetu



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.T.), Mgawaji wa riziki. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyechunga mbuzi ujanani mwake na akafanya biashara kwa uaminifu kabla ya kupewa utume. Baada ya hayo, wapenzi wasomaji, juma hili tunapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo linalojadiliwa katika kila nyumba yenye kijana anayekaribia kumaliza shule: ni kazi gani inayomfaa, na dini ina neno gani katika kuichagua.

Tumelichagua jambo hili kwa sababu swali moja limetufikia zaidi ya mara moja kutoka kwa akina mama. Sura yake ni hii. Binti amefaulu mtihani wake, anaupenda uuguzi, na nafasi ya kusoma ameipata. Mama ameridhia. Lakini ami zake, au bibi yake, au wakati mwingine baba mwenyewe, wanasema kazi hiyo haimfai msichana wa Kiislamu, kwa kuwa kuna zamu za usiku, kuna kuhudumia wanaume, na kuna sare. Binti anaambiwa atafute kazi nyingine au akae nyumbani angoje posa. Mama anatuuliza: je, hilo ndilo neno la dini?

Kabla ya kujibu, tuutazame upande wa pili wa nyumba hiyo hiyo. Kaka wa binti huyu amepata kazi katika hoteli ya ufuoni, na miongoni mwa anayoyafanya ni kupeleka vileo mezani kwa wageni. Au ni karani katika kampuni inayokopesha watu kwa riba. Kazi hiyo ilipopatikana, hapakuitwa kikao cha ami wala cha wajomba. Watu walimshukuru Mungu, na mshahara wa kwanza ulipoingia ikasomwa dua. Dini iliyosimamishwa mlangoni ili kumzuia dada haikuulizwa lolote juu ya chumo la kaka.

Hatusemi haya kwa kumlaumu kijana anayetafuta riziki katika wakati mgumu. Tunayasema ili tujiulize sote: tunapotaja dini katika kuchagua kazi, je, tumeiuliza dini yenyewe, au tumeitanguliza mila na kuivisha kanzu ya dini?

Dini ikiulizwa, swali lake la kwanza ni juu ya kazi yenyewe: je, kinachofanywa ni halali? Hapa hapana tofauti ya mwana wa kike na wa kiume. Katika mafunzo ya Mtume (S.A.W.) juu ya pombe, aliyelaumiwa si mnywaji peke yake, wametajwa pamoja naye anayeitengeneza, anayeibeba, anayeiuza na anayeimimina. Katika riba vilevile, wametajwa mlaji wake, mtoaji wake, mwandishi wake na mashahidi wake. Kwa hiyo asiyekunywa hata tone moja, lakini kazi yake ni kuipeleka sinia yenye chupa, ana swali la kumpeleka kwa sheikh wake, hata kama hana wa kumuuliza nyumbani kwake.

Twajua kuwa pwani yetu imeishi kwa utalii miaka mingi, na kwamba si kila kazi ya hoteli ni ya pombe. Yuko mpishi, yuko fundi wa umeme, yuko mshona mapazia, yuko mtunza bustani. Kila mmoja hali yake ni mbali, na ndiyo maana jambo hili linahitaji kuulizwa kwa mwenye elimu, kwa kueleza kazi ilivyo hasa, si kwa kuitaja jina tu. Na aliyekwisha kuingia katika kazi yenye shaka, akiwa na watoto wanaomtegemea, maulamaa wengi humshauri atafute mlango mwingine kwa bidii ya kweli, wala asiridhike akalala. Milango hiyo hufunguka watu wanapoitafuta kwa pamoja. Waislamu wa Kenya walilalamika kwa miaka mingi kwamba hawana benki isiyokuwa na riba, na mwaka 2008 zikaanza kazi nchini benki mbili zinazofuata sharia. Vijana wetu waliosomea uhasibu wakapata mahali pa kuifanyia kazi elimu yao pasipo kuandika riba. Mlango huo ulifunguliwa na watu walioona kuwa kupatikana kwa kazi ya halali ni jukumu la jamii, si la kijana peke yake.

Hapo ndipo tunapofika kwenye swali la pili la dini, ambalo aghalabu husahauliwa. Dini haiulizi tu kama kazi ni halali. Inauliza pia: je, Waislamu wanaihitaji, na ni nani atakayeifanya? Mafakihi waliita mambo ya namna hii fardhi kifaya, yaani wajibu unaoikabili jamii nzima: wakipatikana wa kutosha kuutekeleza, waliobaki wameepukana na dhambi, wasipopatikana, dhambi imewaenea wote wenye uwezo. Watu wetu huifahamu kanuni hii katika kumwosha na kumzika maiti. Lakini Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake Ihya Ulum al-Din aliutaja utabibu na hesabu kuwa ni katika fardhi kifaya. Tena alisikitika kuwa katika miji mingi ya zama zake hapakuwa na tabibu Muislamu, ilhali watu walisongamana katika fani nyingine zilizokwisha kujaa wajuzi. Imepita zaidi ya miaka 900, na masikitiko hayo bado yanatuhusu.

Tuitazame wodi ya wazazi. Serikali ilipotangaza mwaka 2013 kuwa kujifungua katika hospitali za umma ni bure, wanawake wengi waliokuwa wakizalia nyumbani walianza kwenda hospitali. Hilo ni jema, kwa maana limewaepusha wengi na mauti. Lakini ni mara ngapi tumemsikia mama wa Kiislamu akirudi na machungu ya aina nyingine, kwamba aliyemzalisha alikuwa mwanamume, au kwamba mtaji wake ulivuliwa kichwani pasipo haja, au kwamba hapakuwa na mtu wa kumfahamisha jinsi ya kusali akiwa kitandani? Tunarudi nyumbani tunalalamika. Waume zetu hukasirika na kuuliza kwa nini hospitali haina wanawake wa kutosha. Na katika nyumba hiyo hiyo yenye malalamiko, binti aliyeomba kwenda kusomea kazi hiyo amekatazwa.

Jambo hili halilingani. Muuguzi hachipui kama uyoga. Huzaliwa katika nyumba ya mtu, akasomeshwa, akaruhusiwa. Ikiwa kila nyumba ya Kiislamu itasema kazi hii ni njema lakini ifanywe na binti wa nyumba nyingine, basi yule mkunga tunayemtamani hatapatikana kamwe. Wahenga wamesema mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Wala wanawake wa Kiislamu hawakuanza jana kazi ya kutibu. Rufaida al-Aslamiyya (R.A.) alikuwa na hema lake msikitini kwa Mtume (S.A.W.), na humo ndimo alimotibiwa Saad bin Muadh (R.A.) alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq. Rubayyi binti Muawwidh (R.A.) amepokewa akieleza jinsi yeye na wenzake walivyotoka pamoja na Mtume (S.A.W.), wakiwanywesha watu maji na kuwahudumia majeruhi. Shifaa binti Abdullah (R.A.) alijua kuandika na kutibu, na alimfundisha Bibi Hafsa (R.A.) kuandika. Hawa walikuwa wanawake wa stara, na stara yao haikuwafanya wasiwe na faida kwa umma.

Na kwa nini tuende mbali? Bibi zetu wa Lamu, wa Mji wa Kale, wa Vanga na wa Malindi waliwajua wakunga wa jadi. Mkunga huyo aligongewa mlango saa nane za usiku, akajitanda buibui lake, akashika taa yake, akaandamana na aliyemwita kupitia vichochoro mpaka nyumba ya mzazi. Hakuna aliyesema kuwa mama huyu ameivunja dini. Mtaa mzima ulimheshimu, na watoto aliowapokea walimwita bibi. Zamu ya usiku, basi, si jambo geni kwa mwanamke wa Kiislamu wa pwani. Kilichobadilika ni mahali inapofanyiwa, pamoja na karatasi ya kufuzu.

Hata hivyo, hatutaki kuzidharau hofu za wazazi. Mzazi anayemhofia binti yake ametimiza sehemu ya amana aliyopewa. Tuzitazame hofu hizo moja baada ya nyingine.

Ya kwanza ni kuhudumia wanaume. Kanuni waliyoieleza mafakihi ni kuwa mwanamke atibiwe na mwanamke, na mwanamume na mwanamume, kila inapowezekana; na isipowezekana, dharura huruhusu kwa kadiri yake tu. Binti atakapokuwa mwanafunzi atazunguka katika wodi zote, kwani ndivyo mafunzo yalivyo. Lakini akishafuzu anaweza kujibobeza katika ukunga na afya ya mama na mtoto, na hapo kazi yake yote itakuwa ni kuwahudumia wanawake wenzake.

Ya pili ni sare na hijabu. Leo katika hospitali nyingi za pwani tunawaona wauguzi waliojisitiri vizuri huku wamevaa sare ya kazi. Kifungu cha 32 cha Katiba ya mwaka 2010 kinalinda uhuru wa dini, na kinakataza mtu kunyimwa nafasi katika taasisi au kazi kwa sababu ya imani yake. Pamoja na hayo, mzazi mwenye busara huuliza mapema, kabla ya kulipa karo, jinsi chuo kinavyolichukulia jambo la hijabu na nyakati za sala. Kuuliza mapema ni bora kuliko kugombana baadaye.

Ya tatu ni umbali na malazi. Chuo cha mafunzo ya udaktari, KMTC, kina kampasi Mombasa, Kilifi, Msambweni na Lamu. Mzazi akae na binti yake wakati wa kujaza maombi, ajue anachagua kampasi gani na kwa utaratibu gani, asije akashtuka baadaye kuwa mtoto amepelekwa mbali. Mabinti watatu au wanne wa mtaa mmoja wakisoma pamoja, wazazi wao wanaweza kukodi nyumba moja na kumweka humo khalati au shangazi mtu mzima.

Na katika hili la umbali liko jambo ambalo hatuwezi kulinyamazia. Zimo familia zilizomkataza binti kulala katika bweni la chuo umbali wa saa mbili kutoka kwao, kisha mwaka haujaisha zikamruhusu kupanda ndege kwenda kufanya kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba, ndani ya nyumba ya watu wasiowajua hata kwa jina. Hoja iliyotolewa ni kwamba huko ni nchi za Kiislamu. Wako waliokwenda wakakaa kwa salama na wakawajengea wazazi wao, Alhamdulillahi. Wako pia waliorudi na vilio ambavyo mawakala waliowapeleka hawakutaka kuvisikia. Nchi kuwa ya Kiislamu hakuthibitishi kuwa mwajiri ni mcha Mungu. Kama stara ya binti ndiyo hoja yetu, basi hoja hiyo iwe na nguvu zile zile Msambweni na Riyadh.

Ya nne ni ndoa. Wapo wanaosema kuwa binti akisomea kazi ya zamu hatapata mume. Twasema mazungumzo haya mahali pake ni kabla ya nikaha. Mposaji aambiwe waziwazi kwamba huyu ni muuguzi, kazi yake ina zamu, naye ana nia ya kuendelea nayo. Akikubali, amekubali akijua. Asipokubali, kila mmoja ana riziki yake. Ifahamike pia kwamba anachokichuma mke ni mali yake, na wajibu wa nafaka haumwondokei mume kwa sababu mkewe ana mshahara. Mengi ya magomvi yanayosingiziwa kazi ya mke hutokana na mambo haya mawili kutoelezwa mapema.

Wazee wetu waliwahi kuliona jambo hili kwa upeo mpana kuliko tunavyodhani. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891 na akawa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hadi kufariki kwake 1947, aliandika katika magazeti yake ya Sahifa na Al-Islah miaka ya mwanzo ya 1930 akiwahimiza Waislamu wa pwani wasibaki nyuma katika elimu na kazi, wala wasiwanyime elimu mabinti zao. Huyu alikuwa mwanachuoni mkubwa wa dini. Hakuona kuwa kuihimiza elimu ya dunia kunampunguzia chochote. Mwishoni mwa miaka ya 1940 ikaasisiwa Mombasa taasisi ya elimu ya Waislamu, MIOME, kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jamii ya Mabohora na serikali ya Uingereza. Lengo lake lilikuwa kuwapa Waislamu wa Afrika Mashariki elimu ya ufundi. Taasisi hiyo ndiyo iliyokuja kuwa Mombasa Polytechnic mwaka 1972, na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Kila apitaye Tudor hulipita jambo hilo: wazee walitoa mali zao kwa kuwa waliona kwamba Muislamu asiye na ujuzi atabaki kuwa mwombaji katika mji wake mwenyewe.

Wakati wa kulifikiria jambo hili nao umesogea karibu. Zamani uamuzi ulingoja matokeo ya kidato cha nne. Katika mtaala mpya wa umilisi, mtoto wa gredi ya 9 anatakiwa kuchagua mojawapo ya mikondo mitatu kabla ya kuingia gredi ya 10: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Mtoto huyo ana miaka 14 au 15. Akiuacha mkondo wa sayansi, mlango wa uuguzi, udaktari na ufamasia utakuwa mgumu sana kuufungua baadaye. Mama asingoje mpaka mwana amalize shule ndipo amuulize anapenda nini. Mazungumzo yaanze mapema, na baba awepo.

Liko pia suala la karo. Mkopo wa HELB kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza hutozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na wako vijana wa Kiislamu wanaouepuka kwa sababu hiyo, wengine wakiishia kuacha masomo. Kijana anayeacha riba kwa ajili ya Mwenyezi Mungu hastahiki kuachwa peke yake na jamii iliyomfundisha kuwa riba ni haramu. Tuna zaka, na mwanafunzi fakiri ni miongoni mwa mafakiri. Tuna wakfu, jambo ambalo pwani hii imelijua karne nyingi. Tuna vyama vya akina mama vinavyochangishana kila mwezi kwa ajili ya harusi. Chama kinachoweza kununua maturubai na sahani 300 kinaweza pia kumlipia binti mmoja wa mtaa karo ya muhula. Na binti huyo akifuzu, huenda ndiye atakayewapokea wajukuu wa wanachama wale wale.

Kwa akina mama waliotuuliza, basi, jibu letu ni hili. Uuguzi na ukunga ni kazi za halali, na kwa hali yetu ya leo ni katika kazi ambazo Waislamu wanawajibika kuwa na watu wao ndani yake. Anayemkataza binti ana haki ya kuuliza kuhusu usalama, stara na sala, na ana haki ya kujibiwa kwa heshima. Hana haki ya kusema kuwa dini imekataza kile ambacho dini imekihimiza. Mwende kwa ami pamoja, mama na binti, mkamweleze kwa adabu. Mkichukua pamoja nanyi sheikh anayemheshimu, itakuwa bora zaidi. Na siku mtakapokaa naye, msiiache nje kazi ya kaka. Nayo iwekwe mezani, iulizwe maswali yale yale, kwa upole ule ule.

Baada ya kuuliza na kushauriana, iswaliwe istikhara. Istikhara haichukui nafasi ya kuuliza. Inakuja baada ya mtu kufanya awezalo na kumwachia Mola wake asiloliweza.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.T.) awape vijana wetu, wa kike na wa kiume, chumo la halali lenye baraka, awape wazazi wetu moyo wa kusikiliza, na awajaalie wanawake wetu wapate, katika saa yao ya uchungu, mikono ya dada zao wanaomcha Yeye. Amin.

Wabillahi tawfiq.